Mwaka Tuliochagua Kitabu cha Nondo Wadogo

Mwezi uliopita nilipanda Newala pamoja na mwalimu kijana anayeitwa Bakari, ambaye sasa ndiye msimamizi wa maabara ya shule niliyoanzia kazi. Shule imepata wahisani wa kuinunulia vitabu vichache vya rejea, na Bakari, kwa adabu zake, akanifuata Masasi ninakoishi tangu nistaafu, akaniomba nimsaidie kuchagua. Anataka kitabu cha kutambua nondo. Si wale nondo wakubwa wanaojigonga kwenye taa na kuwakimbiza watoto mezani, hao kila mtu anawaona. Anawataka wale wadogo wa rangi ya vumbi, wasiozidi punje ya mchele, ambao viwavi wao wanatoboa machipukizi ya mikorosho na kula mbaazi zikiwa bado ndani ya maganda. Nikamwambia, "Mwanangu, wa kuulizwa jambo hilo si mimi. Yuko Newala, na haoni." Akanitazama kama mtu aliyetumwa kununua chumvi kwa muuza mkaa, ila hakubisha. Ndani ya basi alinionyesha kichupa cha dawa chenye nondo aliyetoka kwenye chipukizi la mkorosho wa kwao Chiungutwa, halafu akanionyesha simu yake. Alikuwa amempiga picha nondo huyo, na simu ikamtajia jina bila kusita. Tukasoma maelezo pamoja. Alikuwa nondo wa nchi za theluji, anayekula mti ambao Chiungutwa haijawahi kuuona tangu kuumbwa kwake. Bakari mwenyewe alicheka hadi abiria wa mbele wakageuka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule, kwenye chumba kile chenye machupa dirishani.

Nilifika Newala nikiwa na cheti kipya cha ualimu, sanduku moja na sweta niliyoicheka nilipopewa. Nilipoamka asubuhi ya kwanza nikakuta ukungu umeingia hadi uvunguni, sikuicheka tena. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nikapelekwa kukaa kwa Mama Fadhila, mwalimu wa biolojia, mjane mwenye binti mmoja aliyekuwa akisoma bweni. Sebule yake sitaisahau. Kwa wengine dirishani hukaa maua ya plastiki. Kwake yalipangwa machupa ya jamu na mitungi ya asali, kila moja limefungwa mdomo kwa kipande cha chandarua na uzi. Ndani ya hili kulikuwa na chipukizi la mkorosho, ndani ya lile maganda ya mbaazi, mahindi mabovu, jani la mhogo lililojikunja. Viwavi walikuwa wakila humo kwa raha zao, kimya, mpaka wajifunge na siku moja asubuhi watoke wakiwa na mabawa. Mama Fadhila aliwakausha juu ya vipande vya bua la mtama, kwa sindano nyembamba alizozikata mwenyewe, na chini ya kila mmoja akaweka kikaratasi kilichosema ametoka mmea gani na kijiji gani. Nilipomwamkia siku ile, "Shikamoo, Mama," alijibu, "Marahaba, mwanangu. Angalia usikalie wageni wangu." Nikatazama kiti. Kweli palikuwa na chupa.

Chakula cha nyumba ile kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na msimu ukifika, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chai ya mchaichai. Tulikula tukiwa tumekaa mkekani, machupa yakitutazama. Katika mmoja wa milo hiyo ya mwanzo, bila kushusha sauti wala kutafuta huruma, aliniambia habari ya macho yake. "Nina presha ya macho. Daktari ameniambia kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Hata wewe hapo nakuona katikati, pembeni ni ukuta." Nikarudisha tonge sahanini. Akanisogezea bakuli la kisamvu. "Kula. Mimi siogopi giza, nimezaliwa kabla umeme haujafika hapa. Ninachoogopa ni lile boksi." Alikuwa akimaanisha boksi la mbao lililokuwa juu ya kabati, lenye nondo wadogo aliowakusanya tangu ujana wake. Wote walikuwa na kijiji na mmea, lakini wengi hawakuwa na jina. "Nikipofuka kabla hawajapata majina, atakayekuja nyuma yangu atadhani ni vumbi. Atakung'uta, aweke chaki." Hivyo ndivyo nilivyojua, mapema kabisa, nini kilichokuwa kikimkimbiza mwanamke yule. Wengine wanakimbizana na uzee. Yeye alikuwa akikimbizana na mwanga.

Ndipo vitabu vikaja. Wahisani wa wakati ule waliahidi kuinunulia maabara kitabu kimoja cha nondo, na muuzaji wa Dar es Salaam akatuma viwili kwa basi ili shule ichague, kimoja kibaki na kingine kirudi kabla ya kufunga shule. Nilikwenda mwenyewe stendi kuvipokea, nikavibeba kichwani kama mwari anayerudishwa nyumbani. Cha kwanza kilikuwa kinene, karatasi zake zinateleza, kila ukurasa umejaa nondo wa rangi, wamekuzwa mpaka unyoya wa bawa unauona. Cha pili kilikuwa na jalada la kijivu, bila picha ya rangi hata moja, kimejaa maswali mafupi mafupi na michoro ya mishipa ya mabawa. Jirani yetu Mama Saidi, aliyekuwa akija kuomba moto na kuondoka na habari, alivitazama vyote viwili mezani na kuvibatiza papo hapo. "Huyu Bibi Harusi," alisema akigusa kile cha picha. Kisha akafungua cha kijivu, akaniomba nimsomee mistari kwa Kiswahili, akasikiliza maswali yale yasiyokwisha, akakifunga. "Na huyu Mama Mkwe. Hajakukaribisha kiti, ameshakuuliza wewe wa nani, umetoka wapi, na pua hiyo umeirithi kwa nani." Tangu siku ile majina yakaganda. Hata katika ofisi ya walimu walituuliza, "Bibi Harusi hajambo?"

Nami nilikuwa upande wa Bibi Harusi, sifichi. Nani asingekuwa? Lakini Mama Fadhila hakuwa mtu wa kuchagua kitabu kwa kukipapasa jalada. Alisema kitabu cha rejea huchaguliwa kama anavyochaguliwa shahidi: kwanza unamuuliza jambo ambalo jibu lake unalijua. Akaenda jikoni, akarudi na nondo wa mahindi, yule mdogo wa rangi ya majani makavu ambaye kila mwenye ghala anamjua kwa matusi. "Huyu jina lake tunalo. Sasa tuone hawa wageni watamwitaje." Tukaanza na Bibi Harusi. Nilifunua kurasa za rangi ya majani makavu, zilikuwa nyingi, na kila nondo humo alifanana na wetu. Nilimpata mmoja ambaye ningeapa ni pacha wake. Mama Fadhila akaniomba nisome anakoishi. Kwenye mabwawa ya baridi, anakula matete. "Basi kamuulize," alisema, "amefuata nini kwenye mahindi ya Newala." Nikafunua tena, nikapata pacha mwingine, naye wa kwao huko huko. Kitabu hakikukosa jibu hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia Mama Fadhila shaka. "Huyu ukimwonyesha hata uzi wa kanga atakutajia jina," alisema.

Kisha zamu ya Mama Mkwe. Kitabu cha namna ile kila swali lake lina miguu miwili: ama nondo wako yuko hivi, ama yuko vile. Ukijibu hivi linakupeleka kwenye swali fulani, ukijibu vile linakupeleka kwingine, mpaka ufike kwenye jina. Mimi nilikuwa nalala usingizi katika swali la tatu. Mama Fadhila akaona. Akachukua kitabu, akakisogeza hadi puani, akasoma mstari wake, halafu akanikodolea macho kama bibi anayewachangamsha wajukuu. "Kitendawili!" Nikashtuka, nikajibu kwa mazoea, "Tega!" "Bawa langu la nyuma mwishoni limechongoka kama kidole kinachoonyesha njia. Au ni la duara kama jani la mkorosho?" Nikachukua lenzi. Nikadondoshea bawa tone la spiriti kama alivyonifundisha, maana spiriti ikilowesha zile chembe za vumbi, bawa huwa kama kioo na mishipa inaonekana kabla halijakauka. "Kidole!" nilipiga kelele. "Kitendawili!" "Tega!" "Mbele ya uso wangu nina pembe mbili. Zimepinda kwenda juu au zimelala?" "Zimepinda juu!" Tukaenda hivyo, yeye akitega, mimi nikitazama, na swali la mwisho likatumwaga kwenye jina la nondo wa mahindi, lile lile tulilokuwa nalo tangu jikoni. Mama Saidi aliyekuwa mlangoni na kaa lake la moto alipiga kigelegele bila kujua kimetokea nini.

Miaka yote niliyofundisha baadaye nimeona maabara zenye vyombo vya kila aina, lakini sijaona tena njia ya kazi iliyonipendeza kama ile. Kila alasiri baada ya vipindi tulikaa dirishani kwenye mwanga mzuri. Yeye alikuwa kinywa, mimi nilikuwa macho. Swali akishalisoma mara mbili tatu hakulisoma tena, alilitega kutoka kichwani, na nikichelewa kujibu alianza kulitega kwa sauti ya wimbo ili kunichokoza. Boksi likaanza kupungukiwa na mayatima. Huyu wa maganda ya mbaazi akapata jina, yule wa jani la mhogo akapata ukoo ingawa si jina kamili. Kisha siku moja tukamtoa nondo aliyetoka kwenye ua la mkorosho Lulindi, mdogo kuliko wote, mabawa yake yana pindo refu la manyoya. Tukaenda naye vizuri, kitendawili baada ya kitendawili, mpaka swali moja likagoma. Mguu huu haukumwingia, na ule haukumwingia. Nikarudia kutoka mwanzo, nikaishia pale pale. Nikasema kwa hasira, "Kitabu hakimjui huyu." Mama Fadhila akacheka kicheko ambacho sikukitegemea, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Basi umeshindwa. Nipe mji."

Kila aliyekua kwetu anajua sheria hiyo. Ukishindwa kitendawili, unampa mtegaji mji, naye anaupokea, anajisifu jinsi alivyokaribishwa na kulishwa huko, ndipo anakutajia jibu. Nikamwambia, "Nakupa Lulindi," kwa kuwa ndiko nondo alikotoka. Akakubali, ingawa Lulindi ni kijiji. Alisema kwa nondo wadogo hata kijiji kinatosha kuwa mji. Akachukua kikaratasi kipya, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, Lulindi, akakiweka mahali ambapo jina lingekaa. "Mji tumeshatoa," alisema. "Jibu sasa ni haki yetu. Hata kama litachelewa, lazima lije." Ndivyo tulivyofanya kwa wote waliokishinda kitabu. Ukilifungua boksi lile ungesoma vijiji vyetu vimejipanga kama kwenye ramani, na kila kijiji kilikuwa ni swali ambalo bado halijajibiwa. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta katika kitabu. Alitaka kitabu chenye uungwana wa kusimama na kusema, hapa mimi mwisho wangu.

Lakini kuchagua hakukuwa rahisi, na ubaya ni kwamba mimi nilijua siri ya uzito wake. Mara nyingi nilirudi kutoka darasani nikamkuta dirishani na Bibi Harusi mapajani, uso umeinama mpaka pua inakaribia karatasi, akifuata kwa kidole bawa la kijani lenye ukingo wa dhahabu. Picha zile zilikuwa kubwa, bado aliziona. Herufi za Mama Mkwe zilikuwa zinamkimbia, na michoro ya mishipa ilikuwa tayari imeshamshinda. Akichagua cha picha, angekuwa na kitabu cha kutazama mwenyewe mpaka mwanga wa mwisho. Akichagua cha maswali, angebaki mikononi mwa mwenye macho, na mwenye macho pekee nyumbani mle nilikuwa mimi, ambaye kila mtu alijua nimeomba nafasi ya kwenda chuo kikuu. Nilishindwa kuvumilia. Tukiwa tunachambua mbaazi nilimwambia, "Mama, chukua kile cha picha. Umefanya kazi ya kutosha. Kifaidi." Hakuacha kuchambua. "Kile ni cha macho yangu," alisema, "na macho yangu yanaondoka. Kitabu cha shule hakinunuliwi kwa ajili ya macho ya mtu mmoja." Nikamuuliza, na nikiondoka je? "Utaondoka, na ninakuombea uondoke. Usidhani nakufunga kamba. Shule ina macho mapya kila mwaka yanayoingia kidato cha kwanza. Sitakosa wa kumwambia kitendawili." Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta ungo, nikalia.

Siku aliyokwenda kumwambia mkuu wa shule uamuzi wake, nilikuwa nasahihisha madaftari chumba cha pili, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alipenda tu vitu vya kuonyesha. "Mwalimu," nilimsikia akisema, "wageni wakija niwaonyeshe nini? Michoro ya mishipa?" "Waonyeshe nondo, Mkuu. Hao hawahitaji picha, wenyewe tunao." "Lakini kile kingine kinavutia." "Kinavutia sana. Na ningekiweka nyumbani kwangu kama ningeweza. Ila mtoto akiwa nacho atajifunza kufananisha, na kufananisha hata kasuku anaweza. Nataka mtoto atazame." Mkuu alishusha pumzi kubwa ya mtu anayekiona kitabu kizuri kikirudi stendi, kisha akasema basi, yeye ndiye mwalimu wa somo. Jioni ile Mama Fadhila alimfunga Bibi Harusi kwenye karatasi ya kaki kwa mikono yake mwenyewe. Kabla hajafunga, aliniomba nimtafutie ule ukurasa wa bawa la kijani. Akautazama kwa muda, akipeleka uso huku na huku kutafuta pembe ambayo bado ilikuwa na mwanga. Kisha akasema, "Mzuri. Apelekwe kwao salama," akakaza kamba. Nimewaheshimu watu wengi maishani mwangu. Sijamheshimu yeyote kama nilivyomheshimu mama yule na fundo lile la kamba.

Nafasi yangu ya chuo ilikuja mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nikaenda, na maisha yakanipeleka yanakopeleka watu. Tulipokutana tena mara chache, kwenye harusi ya Fadhila na misiba miwili mitatu, giza lilikuwa limeshamfika lote, naye alikuwa akiongea habari za wanafunzi wake wa nondo kwa majina, kana kwamba anawaona. Kwa hiyo mwezi uliopita, tuliposhuka stendi na Bakari, nilikuwa na furaha na woga kwa pamoja. Fadhila alitufungulia. Mama yake alikuwa kwenye kiti kile kile, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi, na dirishani, Mungu ni shahidi yangu, yalikuwepo machupa. Nikamwamkia. "Marahaba, Agnesi," akasema kabla sijajitaja. "Na huyo anayepumua kama amepanda mlima ni nani?" Bakari akapiga goti, akajieleza, akaeleza habari ya vitabu. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama angeweza kukiona kile cha zamani ili atafute kingine kama hicho. "Mama Mkwe tumeshamzika," alisema Mama Fadhila. "Mchwa walimla pale kabatini, wakabakiza jalada." Uso wa Bakari ukaanguka. "Wamekula karatasi tu, baba. Mimi nimesomewa kitabu kile na watoto wa shule hii mpaka hakina swali nisilolijua. Una nini mfukoni?"

Bakari akatoa kichupa chake. Nikaona Fadhila anatabasamu akienda kuleta lenzi na chupa ya spiriti, akanikabidhi mimi kama ilivyokuwa zamani. Nikasogea dirishani, nikavua miwani, nikaivaa, nikaisogeza lenzi mbele na nyuma. Niliona kivumbi chenye miguu. Nikacheka. "Mama, na mimi yangu yameshaanza kuondoka." "Basi mpe mwenyewe," alisema, wala hakusikitika. Nikampa Bakari lenzi na kiti changu. Mama Fadhila akajiweka sawa, akageuza uso kuelekea mahali alipoisikia pumzi yake.

"Kitendawili!"

Bakari alinitazama, akamtazama yeye. Simu yake ilikuwa mezani, kioo chini. "Tega," alisema.

Akategewa. Bawa la nyuma, pembe za usoni, manyoya ya pindo, mishipa ile iliyonilaza usingizi nikiwa na umri wake. Mwanzoni alijibu kwa haya, baadaye alianza kujibu kwa sauti, na mara moja akaomba arudie kwa kuwa spiriti ilikauka kabla hajaona. Mama Fadhila alimsubiri. Walikwenda mbali kuliko nilivyotarajia, mpaka wakafika kwenye swali ambalo kijana alilitazama, akalowesha bawa tena, akalitazama tena. "Hapana, Bibi. Si hivi, na si vile. Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Bakari habari za vikaratasi. Alifikiri kidogo, akatoa alichokuwa nacho. "Nakupa Chiungutwa."

"Nimeupokea," akasema Mama Fadhila, na uso wake wote ukachanua. "Nimekwenda Chiungutwa, wakanitandikia mkeka mpya, wakanichemshia ming'oko, nikala nikashiba, wakanisindikiza kwa ngoma mpaka barabarani." Bakari alikuwa ameinama mbele, lenzi mkononi, akisubiri kama anavyosubiri kila mtu aliyelelewa na vitendawili.

"Na jibu, Bibi?"

"Jibu," alisema Mama Fadhila, akikitafuta kichupa kwa kupapasa, akamtia kiganjani na kumfumba vidole, "utaniletea wewe."